Ubishi wa halua: nani alitangulia kufika juu ya Kilimanjaro, mzungu au mtu wetu wa pwani?

KahawaChungu
Hamjambo wana uzi. Jana usiku barazani hapa Kibokoni ulizuka ubishi hadi kahawa ikapoa kwenye dele. Kuna kijana kaja na habari zake za shule ati wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro ni Mjerumani Hans Meyer mwaka 1898, mie nikamwambia wewe umesomeshwa hukusoma, mzungu gani alipanda mlima ule na mahema na masufuria peke yake, nani alikuwa akimpikia? Watu wetu wa pwani walikuwepo, na msafara wenyewe ulitokea hapa hapa Mombasa. Tukawekeana ratili ya halua. Ishanunuliwa, iko kwa mwenye duka yuwashika amana mpaka ukweli ujulikane. Sasa wenye elimu nisaidieni, nani alitangulia kukanyaga pale juu? Na msiniletee mambo ya kukopi na kubandika.

shombo254
Ushapoteza halua ami 😂

Maalim Jografia
Tuanze na mwaka. Ni 1889, si 1898. Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer wa Leipzig na mwenzake Ludwig Purtscheller, Muaustria, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg. Huyo wa pili ndo alikuwa mpandaji hasa, Meyer alikuwa mtoto wa tajiri wa kuchapisha vitabu. Nadhani kijana amechanganya kwa sababu 1898 Meyer alirudi tena mlimani na akashangaa kuona barafu imepungua, kumbe hata wakati ule ilikuwa ishaanza kupungua.

Na hawakufika kwa pumzi moja. Tarehe 3 walifika ukingoni mwa kreta, lile shimo la volkano, wakaangalia wakaona sehemu iliyo juu zaidi iko mbele bado, saa zimekwenda, nguvu zimekwisha, wakashuka. Tarehe 5 wakapanda tena wakalala pangoni, alfajiri ya 6 wakaendelea wakafika. Kwenye barafu walikuwa wakichonga ngazi kwa shoka, hatua moja moja.

Kuhusu Mombasa hapo umepata. Msafara wa 1889 uliondoka hapa mwanzoni mwa Septemba ukapita njia ya Taveta, kwa sababu mrima wote wa upande wa Wajerumani ulikuwa unawaka, vita vya Abushiri. Mwaka wa nyuma Meyer alipitia Usambara na Oscar Baumann, watu wa Abushiri wakawakamata wakawatia minyororo mpaka wakakombolewa kwa pesa. Ndo akajua kupitia kwetu.

KahawaChungu
Shukran maalim. Haya na mpishi je? Mie hapo ndo penye halua yangu.

Maalim Jografia
Yupo. Muini Amani, mtu wa Pangani. Meyer mwenyewe amemtaja. Wapagazi wengine walirudishwa chini Marangu kwa ajili ya baridi, huyu akabaki nao kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, siku nyingi tu. Wale wawili wakipanda yeye anabaki peke yake na hema, moto na upepo. Kileleni hakufika.

Mwandani wa Tudor
"Kileleni hakufika" kwa mujibu wa nani? Wa Meyer. Mtu aliyeandika hadithi ndiye aliyejiweka juu. Simkatai maalim lakini ushahidi wote uko mfukoni mwa mtu mmoja.

Maalim Jografia
Walikuwa wawili, Purtscheller naye alikuwepo. Na Mwandani fikiria, kama angetaka kumficha Muini Amani asingemtaja kabisa.

Mwandani wa Tudor
Au kamtaja kambini ndo asitajwe kileleni. Nasema tu.

Mchaga wa Kongowea
Salama jamani. Naona watu wa pwani mnagawana mlima wetu na mwenyewe sijaitwa 😀 Mie nauza ndizi Kongowea mwaka wa kumi na tisa lakini kwetu ni Marangu. Kule nyumbani hata mtoto mdogo atakwambia aliyewapeleka wazungu juu ni mzee Yohana Kinyala Lauwo. Alikuwa kijana wa miaka kama 18 hivi. Mwaka 1989 zilipofanywa sherehe za miaka 100 tangu mlima upandwe mzee alikuwa bado hai, akatambuliwa mbele ya watu, na jina lake liko kwenye bamba pale geti la Marangu. Amefariki 1996 wakisema ana miaka kama 125. Mimi nilimuona kwa macho yangu nikiwa mdogo, mzee mrefu, anatembea mwenyewe. Alikuwa akisema kwamba alipanda bila viatu vya maana wala koti. Sasa mnataka mpishi wa Pangani wa nini na mwenyeji yupo?

Maalim Jografia
Ndugu yangu wa Kongowea heshima kwa mzee, lakini hapo pana shida. Jina la Lauwo halimo kwenye maandishi ya Meyer ya 1889. Na mtu kufika miaka 125 ni jambo ambalo duniani halijathibitishwa hata mara moja. Inawezekana aliongoza misafara iliyofuata, miaka na miaka, na kumbukumbu zikaungana.

Mchaga wa Kongowea
Sasa maalim, hilo la Muini Amani umelikubali kwa sababu mzungu kaandika, la Lauwo umelikataa kwa sababu mzungu hakuandika. Mizani gani hiyo?

shombo254
Maalim kapigwa ngumi ya mbavu 😂😂

Bi Mwanamkasi
Mie naingia kwa mlango wa nyuma. Kwani hili jina mbona ni KILIMA? Mlima mkubwa kuliko yote Afrika, mita 5,895, halafu waitwa kilima kama kile cha Mazeras. Nani alitukana hivi?

Binti_Rabai
Hahaa Bi Mwanamkasi, swali hilo limewatesa wengi. Wako wanaosema njaro ni kung'aa au weupe. Mmishonari Krapf aliandika ati ni mlima wa misafara, jaro. Ama akasema huenda ni mlima wa ukubwa. Wengine watakwambia Njaro ni jina la jini wa baridi.

Mchaga wa Kongowea
Yote hayo ni ya wapita njia. Kwetu kuna neno la kumaanisha kitu kinachoshinda safari, kilemakyaro, yani ukijaribu huwezi. Watu wa misafara wakasikia hivo wakalipindua likawa kilima. Na sisi hatukuwa na jina moja la mlima wote, tuna Kibo, yani chenye madoadoa kwa ajili ya theluji na mawe meusi, na Mawenzi ile iliyovunjika vunjika meno. Mtu gani anaupa jina moja mlima anaoishi juu yake?

NduguyoTanga
Na Wamasai nao wana lao, njaro ni maji, ngare. Maji yote ya tambarare yanatoka pale.

KahawaChungu
Jamani halua.

Binti_Rabai
Subiri kaka, safari ya mlima huo haikuanza 1889. Imeanzia kwetu Rabai, nyumba za wale wamishonari ziko hadi leo na makumbusho yapo. Krapf...

DerevaWaTaveta
Krapf ndo mzungu wa kwanza kuona Kilimanjaro, hilo hata mie nalijua, tulifundishwa darasa la sita.

Binti_Rabai
Ungeniacha nimalize 😅 Walikufundisha nusu. Aliyeuona Kilimanjaro ni mmishonari mwenzake Johannes Rebmann, tarehe 11 Mei 1848, alitoka Rabai na watu wachache na mwavuli, kiongozi wake mtu wa Mombasa akiitwa Bwana Kheri. Krapf yake ni Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849, aliuona akiwa Kitui kwa mzee Kivoi. Watu wanawachanganya kwa sababu waliishi pamoja.

Sasa sikilizeni utamu. Rebmann anaona kitu cheupe juu, anamuuliza kiongozi wake kile nini, jamaa anamjibu neno moja tu, baridi. Rebmann akajua ni theluji. Akaandika, habari ikachapishwa London 1849, na huko kuna bwana mmoja wa ramani, Cooley, hajawahi kukanyaga Afrika Mashariki, akamcheka miaka na miaka ati macho yake mabovu, theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Na kweli macho yalikuwa mabovu maskini, alirudi kwao 1875 akiwa kipofu. Lakini theluji aliiona.

Mie nikisoma pale sishiki ya Rebmann, nashika ya Bwana Kheri. Yeye alikuwa ashaupita mlima ule mara ngapi na misafara? Ashajua ni baridi. Cooley hakubishana na mtu wa Mombasa kwa sababu hakujua kama yupo.

Mwandani wa Tudor
👏 Hapo sasa.

Maalim Jografia
Niongeze kwa Binti Rabai. Hata kabla ya hapo, mwaka 1519 Mhispania Fernández de Enciso aliandika kwamba magharibi ya Mombasa kuna mlima mrefu mno, akauita Olympus wa Kihabeshi. Yeye hakuuona, alisikia. Na habari ya mlima wa magharibi ya Mombasa inasikika kutoka wapi kama si bandarini hapa?

NduguyoTanga
Na majini msiyasahau. Watu wa misafara walimwambia Rebmann mlima umejaa majini, baruti haiwaki huko juu, na mtu akipanda miguu inakakamaa anakufa. Wazungu wakacheka. Mie siwezi kucheka.

Bi Mwanamkasi
Miguu kukakamaa si baridi hiyo mwanangu? Baridi ya theluji inaua nyama ya vidole, inakuwa nyeusi. Na baruti ikiloa umande haiwaki hata hapa Makupa. Walikuwa wakisema kweli ila kwa lugha yao.

NduguyoTanga
Au ni majini NA baridi, bi mkubwa. Moja haikatai nyingine.

Binti_Rabai
Bi Mwanamkasi umegusa penyewe. Wamishonari hao hao waliandika kisa cha Mangi, yani mtawala wa Wachaga, Rungua wa Machame, baba yake Mamkinga. Alituma kundi la watu wapande wakatazame kile kitu cheupe kama ni fedha. Akarudi mmoja tu, akiitwa Sabaya, mikono na miguu imeharibika imejikunja. Kwa hiyo KahawaChungu, muda mrefu kabla ya huyo Meyer wako kuna Wachaga walishakanyaga theluji, na wengine wamelala huko.

Mchaga wa Kongowea
Asante dada. Sina la kuongeza.

(Ninalo. Wangapi walifika mbali zaidi ya Sabaya kabla hawajafa? Hakuna wa kutuambia.)

shombo254
Ukifia kileleni unahesabiwa umefika ama hujafika? Swali serious.

Mwandani wa Tudor
Kufika umefika. Ni kushuka ndo hujashuka.

DerevaWaTaveta
Mie ni wa matatu, Mombasa Voi Taveta. Ukitoka usiku ukapata alfajiri pale Maktau mlima uko mbele yako wote mzima, mweupe, abiria wanaamka wenyewe bila kuambiwa. Ikifika saa nne ushavaa buibui ya mawingu huuoni tena hadi jioni. Wageni wanaopita mchana wananiuliza dereva mlima uko wapi nawaambia uko nyumbani umelala.

shombo254
Babu yangu alikuwa akisema zamani kabla ya moshi wa magari ulikuwa unauona kutoka Mombasa hapa hapa, ukisimama juu ya ngome asubuhi baada ya mvua.

Maalim Jografia
Babu amekuenzi kwa hadithi. Kutoka Mombasa hadi Kibo kwa mstari ni kama kilomita 280. Mtu wa usawa wa bahari upeo wa macho kwa kitu cha mita 5,895 unafika kama kilomita 274. Umekosa kidogo tu.

KahawaChungu
Kidogo tu? Si ukipanda juu ya ghorofa unapata hizo sita?

Maalim Jografia
Kwa karatasi, ndiyo, na hewa nayo inapinda mwanga kidogo inakuongezea. Lakini milima ya Taita imekaa pale pale kwenye mstari, Vuria ina mita 2,208. Na vumbi la kilomita 280.

shombo254
Kwa hiyo babu hajasema uongo, ni Mtaita amemziba.

DerevaWaTaveta
Mtaita huyo ni mie 😂 samahani kwa babu.

Feri_SaaKumi
Mnabishana nani alipanda, mimi nimepanda. Nimezaliwa Likoni, mwinuko wangu mkubwa maishani ulikuwa ule wa kutokea feri. 2017 rafiki zangu wakanishawishi tukapita njia ya Marangu. Kambi za kulala ni Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, kila siku elfu moja, nikasema hee kumbe ni hesabu rahisi. Usiku wa mwisho tunaamshwa karibu na saa sita za usiku, giza, kokoto unapanda hatua moja unateleza nusu, kichwa kinapiga kama ngoma ya harusi, natapika chai tupu maana chakula nilishindwa tangu jana. Wanasema juu kule hewa ni kama nusu ya hii tunayovuta hapa, wallahi mie niliona ni robo. Nimefika Gilman, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, nikakaa chini nikalia. Uhuru, kilele chenyewe, naiona ile pale lakini miguu imekataa. Kiongozi wangu kijana wa Kichaga alibeba begi lake na langu, akawa ananiimbia njia nzima ya kushuka, akanivulia glovu zake.

Jina lake nimelisahau. Nimesoma uzi huu toka juu ndo nimekumbuka kwamba nimesahau.

Bi Mwanamkasi
Lo. Mtafute mwanangu.

Feri_SaaKumi
Nna picha yake tu bi mkubwa. Kavaa kofia hadi machoni.

Mwandani wa Tudor
Dada hapo Mandara ulipolala, Mandara ni nani unajua? Ni Mangi Rindi wa Moshi, wakimwita Mandara. Ndo aliyempokonya vitu Charles New, mmishonari wa Ribe hapo juu. New huyo 1871 alipanda mpaka akagusa theluji, akiwa na Tofiki, mtu wake wa Ribe. Wanasema ni mzungu wa kwanza kushika theluji ya ikweta. Akarudi safari ya pili Mandara akamkamua kila kitu, na njiani kurudi pwani akafa, 1875. Sasa nyumba ya wageni ina jina la Mandara, New hana hata banda.

Maalim Jografia
Na katikati ya Rebmann na New yupo Mjerumani Baron von der Decken, naye aliondokea Mombasa. 1861 na Thornton hawakufika mbali, mvua. 1862 na Otto Kersten wakafika kama mita 4,280. Theluji ikawaangukia usiku, ndo ubishi wa Cooley ukakosa wa kuusikiliza.

shombo254
Lakini si huu mlima ulikuwa wa Kenya bana? Malkia Victoria akampa mjukuu wake Kaiser zawadi ya besdei. Ndo mpaka ukapinda.

Maalim Jografia
Shombo hiyo itupe baharini. Mapatano ya mpaka ni 1886, Wilhelm huyo akawa Kaiser 1888. Waingereza walitaka Mombasa, Wajerumani walikuwa na mikataba yao na mamangi kule juu, mstari ukapita katikati. Hakuna keki wala mishumaa.

shombo254
Umeniharibia utoto wangu maalim.

Mchaga wa Kongowea
Na kilele wakakiita Kaiser Wilhelm kabisa. Ikasubiriwa hadi 9 Desemba 1961 mwanajeshi Nyirenda akapeleka mwenge na bendera usiku, ndo ikawa Uhuru.

DerevaWaTaveta
Sisi wa kwetu alikuwa Kisoi Munyao, 1963, alipeleka bendera kilele cha Lenana, Mlima Kenya. Na Mlima Kenya ni mgumu zaidi msijidanganye, Batian, kilele chake kirefu kabisa, bila kamba hupandi. Mwingereza Mackinder alifika 1899, wa pili kufika ni 1929, miaka thelathini mzima hakuna mtu.

Mwandani wa Tudor
Na Mackinder naye alishukia wapi? Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, reli ndo kwanza imefika.

KahawaChungu
Kwa hiyo milima yote miwili mlango wake ni hapa. Nishasema mie! Sasa wazee, hukumu. Nasema Muini Amani, Mchaga asema Lauwo, Binti Rabai asema watu wa Sabaya, kijana asema Meyer lakini mwaka kakosea. Halua ya nani?

Maalim Jografia
Kijana. Mwaka kakosa, mtu kapata.

Mwandani wa Tudor
Mliandikiana "nani" au mliandikiana "lini"? Kama sharti lilikuwa jibu zima, kaikosa.

Mchaga wa Kongowea
Ipelekwe Marangu.

Binti_Rabai
Ikatwe nusu, moja ije Rabai kwa Bwana Kheri.

NduguyoTanga
Muini Amani ni wa Pangani, Pangani ni mkoa wa Tanga, naona jawabu liko wazi jamani.

Dukani Kibokoni
Assalaam aleikum. Mimi ndo mwenye duka. Nasoma uzi tangu asubuhi na kila nikisoma posti ndefu nakata kipande kidogo. Ya maalim zilikuwa ndefu sana.

KahawaChungu
Weweee! Imebaki ngapi?

Dukani Kibokoni
Imebaki karatasi. Nyingine ipo lakini ya lozi, bei yake si ile.

shombo254
😂😂😂😂 mtu wa kwanza kufika juu ya halua

KahawaChungu
Nakuja sasa hivi. Usifunge duka.